Bosi anataka kikao cha kuonja mvinyo Unguja, na zaidi ya nusu yetu hatugusi kileo

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni ya bima Dar es Salaam. Mwezi ujao tunavuka kuja Unguja kwa siku tatu, watumishi 30 pamoja na wateja wetu wakubwa 6. Mkurugenzi wetu alihudhuria kikao cha kuonja mvinyo Stellenbosch, Afrika Kusini, akarudi amefurahi sana. Anasema watu waliokuwa hata hawasalimiani walitoka pale wanacheka. Sasa anataka kitu kile kile, ufukweni, jua likizama. Zaidi ya nusu yetu ni Waislamu, na wapo Wasabato na walokole ambao nao hawagusi kileo. Nikimweleza hilo ananijibu kwamba wao watapewa juisi. Je, juisi inatosha? Na kama haitoshi, nimpelekee pendekezo gani ambalo halitaonekana la kitoto?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Juisi haitoshi, na nitakueleza sababu ili uwe na la kumjibu. Lakini mkurugenzi wako naye hakukosea. Alichokiona Stellenbosch kipo kweli, na kinaweza kufanyika hapa kwetu bila kufungua chupa hata moja. Kazi yangu ni kuongoza vikao vya kuonja viungo, asali na kahawa hapa Unguja. Kileo mimi mwenyewe sigusi, ila somo la kuonja ni moja, kilichomo kikombeni kiwe mvinyo au kiwe maji ya ukwaju.

Tuanze na hiyo juisi. Muislamu ukimweka kwenye meza ambayo shughuli yake nzima ni kileo, tatizo haliishi kwa kubadilisha glasi aliyoshika. Wengi wetu tumefundishwa kwamba hata kukaa kwenye meza inayopitishwa kileo haifai. Atakuja kwa sababu ni safari ya kazi na bosi yupo, lakini atakaa roho juu, na ikifika magharibi atapata sababu ya kuondoka. Halafu fikiria mchezo wenyewe ulivyo. Watu wanalinganisha glasi nne, wanabahatisha, wanabishana. Mwenye juisi ya embe mkononi hana cha kulinganisha wala cha kubahatisha. Kazi yake ni kuwatazama wenzake wakifurahi. Umemleta kwa boti mpaka Unguja awe mtazamaji.

Kuna na wengine ambao hutawajua. Yupo mama mwenye ujauzito wa wiki chache ambaye hajamwambia mtu. Yupo anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Yupo aliyeacha pombe kwa taabu na familia yake ndiyo inayojua. Kikao cha mvinyo kinamlazimisha kila mmoja wao kujieleza mbele ya wakubwa wake kwa nini hanywi. Afisa utumishi ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuwaweka watu kwenye hali hiyo.

Utaambiwa pia kuhusu mvinyo uliotolewa kileo. Usikimbilie huko. Nyingi ya chupa hizo bado zinabakiwa na kileo kidogo, hadi asilimia 0.5, na Waislamu wengi hawaukubali. Isitoshe, kumpa mtu asiyekunywa kitu kinachoigiza pombe ni kumwambia kwamba karamu ni ya wengine na yeye ametafutiwa mfano wake.

Sasa tuje kwenye kile alichokipenda mkurugenzi. Kileo kinalegeza ulimi, sikatai. Lakini kilichowafanya watu wale wacheke pamoja ni kwamba kila mmoja aliulizwa ananusa nini, kila mmoja akataja kitu chake, na cheo hakikumsaidia mtu yeyote. Kwenye kunusa, meneja wa fedha hana kitu cha ziada kuliko karani wa mapokezi. Mara nyingi karani ndiye anayeshinda, maana pua haifundishwi chuoni, inafundishwa jikoni. Dereva ambaye mama yake anauza chai ya viungo atazitambua iliki na basibasi wakati mkuu wa idara bado anauliza kama hiki ni kikombe cha kwanza au cha pili. Siku hiyo watu wanaonana kwa namna ambayo ofisi haiwaruhusu.

Kwa hiyo chukua utaratibu wa waonja mvinyo, kwa ukamilifu wake na kwa ukali wake, uweke juu ya viungo na asali. Nasema kwa ukali wake kwa sababu hapo ndipo vikao vingi vinapogeuka kuwa vya kitoto. Mwongozaji anashika kijiti cha mdalasini, anauliza "Hiki nini?", watu wanajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza, basi. Hakuna aliyebahatisha, hakuna aliyekosea, hakuna aliyeshangaa.

Sharti la kwanza, na kama utayasahau mengine yote ulishike hili: kila mtu aandike kabla mtu yeyote hajasema. Karatasi yake, kalamu yake, kimya cha dakika mbili. Mkurugenzi akinusa na kusema "mdalasini" kwa sauti, meza nzima itanusa mdalasini, na hawatakuwa wanajipendekeza, watausikia kweli. Pua inatii sikio na jicho kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio lao la Bordeaux: wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea utengenezaji wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno yale yale wanayotumia kwa mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo. Jicho liliwatangulia.

Jaribio hilo unaweza kulifanya kwa juisi ya stafeli. Tengeneza jagi moja, ligawe mara mbili, nusu moja uitie matone machache ya rangi nyekundu ya chakula mpaka iwe waridi. Waulize ipi tamu zaidi na ile ya waridi imechanganywa na tunda gani. Kwenye vikao vyangu nimesikia pera, nimesikia stroberi, nimesikia komamanga. Ukiwaambia kwamba ni jagi moja, hakuna haja ya kueleza zaidi kwa nini tunaandika kwanza na kusema baadaye. Baada ya hapo hata wabishi wanashika kalamu.

Vyombo tumia finjani, vile vikombe vidogo vya kahawa chungu, kila kimoja kifunikwe kwa kisahani. Finjani inakusanya harufu, inaingia mkononi, na hapa mjini ni rahisi kuazima nyingi. Chini ya kila finjani bandika namba ya tarakimu tatu isiyo na mpango, 417, 862, 295. Usiandike A, B, C wala 1, 2, 3. Watu wana mazoea ya kuamini kwamba cha kwanza ndicho bora, na hata anayejua hilo linampata. Wataalamu wa kuonja wanatumia tarakimu tatu kwa sababu hiyo hiyo.

Watu wako ni 36, na hesabu imekukalia vizuri: meza sita za watu sita, kila meza mteja mmoja na watumishi watano wa idara tofauti. Wapange wewe mwenyewe usiku uliotangulia, majina yawe juu ya meza, maana ukiwaachia wachague, watu wa madai watakaa na watu wa madai.

Fungua kwa kubana pua. Changanya sukari na mdalasini wa unga, gawa kijiko kidogo kwa kila mtu. Wabane pua kwa vidole viwili barabara, waitie ulimini, waitafune kidogo. Watasikia utamu na chengachenga za sukari, basi. Hesabu mpaka kumi halafu waambie waachie. Mdalasini unawajia wote kwa mpigo, na nyuso zinabadilika kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona meza iliyonyamaza hapo. Sababu yake ni kwamba ulimi wenyewe unajua mambo machache: tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengi ya yale mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kwa nyuma ya koo kuingia puani. Waonja mvinyo wanaovuta hewa mdomoni kwa kelele wanafanya kazi hiyo tu, kuipandisha harufu. Zoezi hili linachukua dakika tano na linamfungua hata aliyekuja amenuna.

Kisha weka mezani finjani tatu ambazo mimi nazipenda kuliko zote. Ndani ya ya kwanza kuna majani mabichi yaliyofikichwa. Ya pili ina gome lililokaushwa na kuvunjwavunjwa. Ya tatu ina mzizi uliokwanguliwa. Funika zote kwa kitambaa chepesi, wanuse bila kuona. Swali ni moja tu: vitu hivi vimetoka kwenye miti mingapi? Wataandika mitatu. Majani wataandika karafuu, na wengine wataapa. Gome wataandika mdalasini bila taabu. Mzizi wataandika dawa ya kuchua, au zile dawa za kupaka kifuani mtoto akiwa na mafua. Jibu ni mti mmoja, mdalasini. Majani yake yamejaa yujenoli, mafuta yale yale yanayoipa karafuu harufu yake, kwa hiyo aliyeandika karafuu hakunusa vibaya hata kidogo. Mzizi una kafuri. Wape muda wabishane hapo, usiwakatize. Na nakuomba sana usimame hapo hapo bila kuwahubiria kwamba idara zote ni mti mmoja. Wataliona wenyewe, na wasipoliona hakuna kilichoharibika.

Mkurugenzi akitaka kujua mvinyo umehusika vipi, mwambie mwongozaji amweleze hapo. Mvinyo uliolazwa kwenye mapipa ya mwaloni unachukua yujenoli kutoka kwenye mbao, ndiyo maana waonjaji wanataja karafuu wakati hakuna karafuu iliyotiwa. Na mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kinachoipa mvinyo wa zabibu za Syrah harufu ya pilipili manga. Kinaitwa rotundoni, na kimo ndani ya pilipili manga yenyewe. Kati ya watu waliojaribiwa, karibu mmoja katika kila watano hakukinusa kabisa, hata kilipozidishwa ndani ya maji. Kwa hesabu hiyo, kwenye kundi lako wanaweza kuwapo saba. Jambo hilo liseme wazi kabla ya finjani ya pilipili manga kupita, kwamba asiyesikia kitu aandike "sisikii kitu", na hilo ni jibu kamili. Mtu mmoja mwenye cheo akiwa wa kwanza kusoma "sisikii kitu" kutoka kwenye karatasi yake, kikao kimeshika.

Asali ndiyo mahali pa ushindani. Tafuta asali ya mikoko kutoka Pemba na asali ya Tabora. Kila mtu apewe vijiko vitatu vyenye namba, viwili vina asali moja, cha tatu kina nyingine, aonyeshe kilicho peke yake. Hili ni jaribio linalotumika kweli kwenye viwanda vya vyakula. Kwa bahati tu, bila kujua chochote, mmoja katika watatu atapata, yaani 12 kati ya 36. Wakipata 18 na zaidi, unaweza kusema kwa uhakika mzuri kwamba kundi limeitambua tofauti. Watu wa bima wanapenda hesabu za namna hii, utawaona wanakokotoa. Asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, iweke pembeni kwa mwisho wa zamu hii ya asali, bila mashindano, kwa sababu inajitambulisha yenyewe. Wapo watakaoikunjia uso, na wapo watakaouliza bei.

Karafuu iwe ya mwisho kabisa. Inatia ganzi ulimi, na ukiiweka mwanzo umeharibu yote yanayofuata. Zipange finjani mbili, moja karafuu kavu safi, nyingine makonyo, vile vikonyo vinavyovunjwa wakati wa kuchambua. Makonyo hayatupwi, Pemba yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake. Watu wengi wa bara hawajawahi kuyaona. Hapo ndipo simulizi fupi ya historia inapokaa vizuri, dakika tatu si zaidi: kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana mpaka leo ukitaja karafuu za Zanzibar, nyingi unazozungumzia ni za Pemba. Kwamba karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka, na likishafunguka thamani imeondoka. Kwamba zinaanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, na wingu likitanda nyumba nzima inakimbilia nje. Simulizi hiyo ikitolewa mwanzoni ni mhadhara. Ikitolewa wakati mtu ameshika kikonyo mkononi na ulimi wake umekufa ganzi, anaisikia.

Hapo katikati wape maji na vipande vya boflo jeupe, kama waonja mvinyo wanavyofanya. Usizidishe finjani nane za kunusa kwa asubuhi moja, pua inachoka. Wapo wanaosambaza punje za kahawa za kunusia kati ya sampuli. Mimi sishauri, kahawa ina harufu kali yake yenyewe. Pumzi mbili za hewa safi dirishani zinatosha.

Sasa ufukwe. Najua ndio ndoto ya mkurugenzi, na ndipo utakapohitaji kusimama imara. Ufukweni kuna upepo, kaskazi au kusi, na upepo unabeba harufu kabla haijafika puani. Kuna moshi wa samaki wanaochomwa jirani. Kuna muziki. Watu hawasikilizani, karatasi zinapeperuka. Tafuta ukumbi wa ghorofani wenye madirisha Mji Mkongwe, au baraza pana lenye kivuli, mbali na jiko la hoteli. Ufukwe mpe jioni, kwa chakula na kupumzika, bila ratiba yoyote.

Watu wako watataka pia kwenda shambani, Kizimbani, Kidichi au Dole, na waende. Lakini waende baada ya kuonja. Ziara nyingi zinaanza na shamba, mwongozaji anakata jani, anataja jina, na kila kitu kimeshajulikana kabla ya kubahatishwa. Wewe anza na finjani asubuhi, halafu wapeleke mchana wauone mti waliobishania. Utawaona wanaufuata mdalasini wenyewe, wanakwangua mzizi, wanamwita mwenzao aliyeandika karafuu. Kungumanga nayo itawavutia, kwa sababu tunda moja linatoa viungo viwili, kokwa yenyewe na ule utando mwekundu wa basibasi. Mkulima mlipe moja kwa moja na mkubaliane mapema, kwa sababu muda wake na miti yake ndiyo unayoitumia. Wavae nguo za staha, mabega na magoti yafunikwe, mnapita vijijini. Na asiruhusiwe mtumishi yeyote kupanda mkarafuu kwa ajili ya picha. Kuanguka mikarafuuni ni ajali inayowapata hata wachumaji waliozaliwa nayo.

Kuhusu mkurugenzi mwenyewe, kaa naye kabla. Mwambie atakuwa mwonjaji kama wengine, kwenye meza yake, na kalamu yake. Asifungue kikao kwa hotuba, asitoe maoni ya kwanza, asiwe hakimu. Hakuna mtu atakayebadilisha hali ya chumba kuliko yeye akikosea na kukubali. Akisoma "miti mitatu" kwa sauti yake, watu thelathini na watano wamepumua.

Nawe usikigeuze kikao kuwa kipimo. Soma matokeo ya meza, usisome ya mtu mmoja mmoja, na karatasi warudishiwe wenyewe. Nimewahi kuombwa na ofisi moja niwape orodha ya nani alishirikiana vizuri na nani alijitenga, nikakataa. Watu wakihisi wanapimwa, wanaacha kubahatisha na wanaanza kujilinda, na hapo hamna tena kilichobaki cha kuonja. Zawadi iwe ndogo na ya meza nzima, chupa ya asali kwa kila mmoja yatosha.

Wateja sita ni jambo la kuangalia kwa makini. Watumishi wana tabia ya kumpa mteja jibu sahihi, wanamnong'oneza, wanamwachia ashinde. Wakataze mapema. Mteja anajua anapobembelezwa. Anachokikumbuka ni saa moja aliyobishana na kijana wa madai kuhusu asali ya Tabora, na kijana yule akamshinda kwa hoja. Mazungumzo ya mkataba yasiingie meza hiyo. Ukitaka kuwaheshimu zaidi, waandalie wao na viongozi wenu kikao kifupi cha kahawa siku ya pili: arabika ya Kilimanjaro na robusta ya Kagera, kwa kipimo cha waonja kahawa, gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya nyuzijoto 93, yaache dakika nne kisha vunja lile povu la unga juu kwa kijiko huku pua iko karibu. Harufu ya kahawa inatoka kwa nguvu kwenye sekunde zile chache. Maliza kwa haluwa na kahawa chungu. Kwetu mgeni anaheshimiwa hivyo, na hakuna atakayeona kwamba amepunjwa.

Ikiwa mkurugenzi bado anautaka mvinyo wake, asinyimwe, ila usiwe shughuli ya kampuni. Wanaotaka waende wenyewe jioni ya pili, kwenye hoteli au mkahawa wenye leseni ya kuuza vileo. Wasibebe chupa kwenye boti kwenda kuzifungua shambani wala kijijini, hilo litawaletea matatizo na sheria na litawakera wenyeji. Kusiwe na orodha ya mahudhurio, na mambo ya kazi yasizungumzwe huko. Hilo la mwisho lisisitize, kwa sababu uamuzi ukifanyika kwenye meza ya mvinyo, wale ishirini waliobaki hotelini wamekosa kitu kazini kwa sababu ya dini yao. Kwa vipimo, chupa ya mililita 750 inatoa vionjo 15 vya mililita 50, kwa hiyo kundi la watu kumi linatosheka na chupa moja kwa kila aina. Aina nne zinatosha. Wapendekezee waweke moja au mbili za Dodoma kando ya zile za Afrika Kusini, zionjwe kwa namba bila kuona chupa, maana mizabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka na Watanzania wengi wameihukumu bila kuionja kwa utulivu. Mvinyo mwekundu unataka nyuzijoto 16 hadi 18, na Unguja chumba kinaweza kuvuka 30, kwa hiyo mhudumu auweke kwenye friji kabla, mpaka ushuke kufikia hapo. Kiwepo chombo cha kutemea. Anayeonja kwa kazi hamezi.

Kwa saa, anzeni saa nne asubuhi. Wameshakunywa chai, hawajala cha mchana, pua ziko macho, na mtamaliza saa sita kasorobo kabla ya adhuhuri. Baada ya chakula cha mchana usijaribu, shibe inaua pua. Ijumaa iache kabisa, au mmalize mapema zaidi. Mwezi wa Ramadhani ahirisheni.

Kabla ya safari tuma ujumbe kwa kila mtu, jibu lije kwako binafsi, ukiuliza kuhusu mzio, pumu, kisukari na ujauzito. Mwenye pumu asipewe viungo vya unga kunusa, mpe vizima. Mwenye kisukari mguso wa asali tu, au anuse asionje. Kungumanga ni ya kunusa na chembe ndogo tu ya kuonja, ikizidi ina madhara. Na kwenye ujumbe huo huo waombe, kwa adabu, kwamba asubuhi hiyo wasijipake manukato, wasivute sigara, wasitafune pipi za minti. Kina dada wanaopenda kufukiza nguo waambie mapema kabisa, angalau siku tatu kabla ya kuvuka, kwa sababu udi ukishaingia kwenye baibui hautoki kwa kuanikwa usiku mmoja, na meza nzima itanusa udi kwenye kila finjani.